Usukani wa lori umelegea: tafuta kiungo kilichokufa kabla ya kununua spea

Lori likianza kutangatanga barabarani, dereva akawa analirudisha kwenye mstari kila baada ya mita chache, watu wengi hukimbilia stelingi boksi, yaani sanduku la gia la usukani. Fundi huchukua spana na bisibisi, hukaza skrubu iliyo juu ya boksi, plei (ule mchezo wa ulegevu) ikapungua kidogo na lori likaondoka. Baada ya muda mfupi usukani unakuwa mgumu, haurudi wenyewe baada ya kona, na ule ulegevu wa mwanzo bado upo. Boksi ndilo la mwisho kuguswa. Ni kifaa cha bei kubwa kuliko vingine vyote katika mfumo huu, na kwenye malori mengi huwa bado lina uhai wakati viungo vya nje vimeshakwisha.

Hapa nazungumzia Canter, Fuso, Isuzu na ndugu zao: ekseli ya mbele ya kipande kimoja, kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), springi za bamba, na usukani wa pawa. Scania na malori mengine makubwa yana mpangilio uleule, vipimo vyake tu ndivyo vikubwa.

Kwa huku Dodoma, Singida na Manyoni adui mkubwa ni vumbi. Lami ya kwenda Kondoa na Babati, au ya kwenda Morogoro kupitia Kibaigwa na Gairo, haiui viungo haraka. Vinavyoua ni vile vipande vya mwisho vya kufuata alizeti na mahindi mashambani Chemba, Bahi, Mpwapwa au Kongwa: korongo la mchanga, mashimo, halafu tuta lisilo na alama mkiingia kijijini na mzigo umejaa. Jua linapasua mpira wa kuzuia vumbi, ule tunaouita buti. Vumbi likishaingia huchanganyika na grisi na kugeuka msasa, na kila ukikata kona boljointi (kiungo chenye mpira wa chuma ndani ya kikombe) inajisaga yenyewe. Mvua za Desemba hadi Aprili huongeza maji na kutu. Ndiyo maana kiungo chenye buti iliyochanika nakihesabu kimekufa hata kama leo hakijaanza kucheza.

Kabla ya kulala chini ya gari

Pima upepo kwanza. Matairi ya mbele yakitofautiana upepo lori huvuta upande, na dereva ataapa kwamba usukani umeharibika. Angalia pia kama mzigo umepakiwa nyuma sana: mbele ikiwa nyepesi lori huelea, hata kama kila kiungo ni kipya.

Kisha nenda kwenye springi. Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea au senta bolti (inayoshika bamba za springi katikati) iliyokatika huiacha ekseli isogee mbele au nyuma upande mmoja, na hakuna tairodi (fito linalounganisha magurudumu mawili ya mbele) itakayotibu hilo. Dalili ziko wazi: kutu nyekundu ya unga pembeni ya yubolti, alama ya chuma kilichosuguliwa karibu na kiti cha springi, na umbali usiolingana kati ya ekseli na pini ya mbele ya springi ukipima kushoto na kulia kwa futi. Zikitofautiana zaidi ya milimita 5 hivi, anzia hapo. Bushi za springi na pini za shakoli (kiungo kinachobembea mwisho wa springi) nazo uzitazame; zikiwa zimekula, lori hubadilisha njia kila likipita kwenye shimo. Matengenezo haya ni ya bei ndogo kuliko yote, na yapo malori yaliyonunuliwa boksi la pili wakati tatizo lilikuwa nati nne za yubolti.

Soma na matairi. Pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kutoka upande wa ndani ya gari kwenda nje, halafu kutoka nje kwenda ndani. Kama linakwaruza mkono ukienda nje na ni laini ukirudi ndani, magurudumu yamefunga mbele (yamekaribiana mbele kuliko nyuma) kupita kiasi. Likikwaruza ukienda ndani, yamefunguka mbele. Tairi lililoliwa bega moja tu, laini bila meno, linaelekeza kwenye kingpini au ekseli iliyopinda. Lenye mabonde mabonde kulizunguka linasema shokapu, beringi au balansi.

Jaribio la utingo na usukani

Hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote na halina gharama. Lori lisimame sehemu tambarare, magurudumu yakiwa chini na yametazama mbele, breki ya mkono imefungwa na mawe yamewekwa nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Washa injini iende taratibu. Injini ikiwa imezimwa, vali iliyo ndani ya boksi hucheza kidogo kabla ya kusukuma kitu chochote, nawe utaona plei ambayo haipo barabarani.

Funga kipande cha waya kwenye dashibodi kikielekea ukingo wa usukani. Zungusha taratibu kushoto mpaka gurudumu la mbele lianze kusogea, weka alama. Fanya hivyo kulia. Kwenye lori la pawa, sentimita 2 hadi 4 kwenye ukingo ni jambo la kawaida. Ikipita 5 kuna kitu kimekwisha. Ikifika 10, lori hilo lisipakie mzigo.

Sasa mweke utingo kwenye kiti. Azungushe usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, robo ya mzunguko au pungufu, bila kusimama na bila papara. Wewe lala chini pembeni, kamwe usilale mbele ya gurudumu, na ufuate mwendo unavyosafiri: mhimili wa usukani na krosi zake ndogo (viungo vinavyouruhusu kupinda), shafti inayoingia kwenye boksi, pitmani (mkono wa chuma) inayotoka kwenye boksi, boljointi ya mbele ya draglinki (fito linalotoka pitmani kwenda kwenye gurudumu), boljointi ya nyuma ya draglinki, amu (mkono wa chuma) iliyofungwa kwenye gurudumu la kulia, kisha tairodi endi ya kulia, tairodi yenyewe, na tairodi endi ya kushoto. Shika kila kiungo kwa mkono, kidole kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Mkono unahisi plei ambayo jicho haliioni. Pale ambapo kipande cha kwanza kinatembea na cha pili kinachelewa, ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda.

Usisimame ukipata kibovu kimoja. Plei hujumlishana: viungo vinne vyenye milimita moja kila kimoja hufanya usukani uliolegea sana, ingawa ukikitazama kimoja kimoja utasema "hiki bado kinakwenda". Andika vyote, kisha upange. Kwa maoni yangu, boljointi inayocheza kwenda juu na chini ukiitikisa kwa mkono ni ya kubadilishwa leo. Ikicheza kwa kusokota tu kwenye mhimili wake, bila kutoka mahali pake, ni nzima.

Yako mambo yanayofanana na boljointi mbovu lakini sivyo. Bolti za boksi kwenye chesisi zikilegea, boksi zima husogea. Tazama kama rangi imepasuka kulizunguka au kuna mng'ao wa chuma. Chesisi yenyewe hupasuka sehemu hiyo kwenye malori yaliyobebeshwa sana. Krosi ndogo za mhimili wa usukani zikikauka, usukani hushikashika sehemu moja ya mzunguko, na watu hudhani ni pampu.

Jaribio la jeki

Weka jeki chini ya ekseli, karibu na springi, pandisha gurudumu likae hewani, kisha weka stendi au gogo imara. Usiamini jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki ya mguu nawe ukiendelea kutikisa. Plei ikipotea, ni beringi za gurudumu. Ikibaki, ni kingpini na bushi zake. Watu wanaokosa hatua hii ndogo ya breki hubadilisha kingpini nzima kwa sababu ya nati ya beringi iliyohitaji kukazwa tu.

Kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi unyanyue. Likipanda na kushuka kwa namna inayoonekana wazi, beringi ya kubeba uzito iliyo kati ya ekseli na stabu ekseli (kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka kwenye kingpini) imekula, au shimu zake (vibati vyembamba vya kujaza mwanya) zimekwisha. Mwanya pale juu unatakiwa uwe mdogo sana, kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita kwa malori madogo ya Kijapani. Mwisho, shika tairi kushoto na kulia kama saa tatu na saa tisa zinavyokaa kwenye uso wa saa: hapo tairodi endi itajionyesha tena.

Kipi kipya, kipi cha mtumba, kipi hakifai kabisa

Boljointi zote, yaani tairodi endi na viungo vya draglinki, nunua mpya. Hakuna namna ya kujua boljointi ya mtumba ilibeba nini, na ikichomoka dereva hana usukani tena. Kwenye mteremko wa Sekenke hiyo ni hukumu ya kifo kwa watu waliomo na wanaokuja mbele. Kwa sababu hiyohiyo nakataa kabisa ile kazi ya kufungua boljointi, kuitia kipande cha mpira au plastiki na kuigongea kifuniko irudi. Plei hupotea kwa siku chache tu, na mpira ukishasagika unabaki na kikombe kilichodhoofishwa kwa nyundo. Kuchomelea pitmani, amu au stabu ekseli nako ni marufuku, hata fundi awe bingwa: vyuma hivi vilitibiwa kwa joto kiwandani, na moto wa kuchomelea huacha ukanda dhaifu pembeni ya mshono.

Draglinki za zamani zenye kizibo cha skrubu mwishoni ni jambo lingine, zile zilitengenezwa zirekebishwe. Toa spiliti pini, kaza kizibo mpaka kifike mwisho, kirudishe robo hadi nusu mzunguko mpaka tundu likutane, weka spiliti pini mpya.

Pitmani, amu na hata boksi la mtumba vinaweza kununuliwa kwa akili. Pitmani iwe na meno makali ndani na tundu la koni (ncha ya boljointi iliyochongoka) lisilo na mikwaruzo ya duara. Boksi lizungushwe kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine: liwe laini lote, na katikati likazane kidogo sana. Likiwa na mkwamo au mchanga unaosikika, liache. Tazama pia kama shafti ya kutokea ina kutu pale sili inapokaa. Sili mpya juu ya kutu itavuja.

Bushi za kingpini zinaweza kukerezwa hapa hapa mjini kwa bronzi, ikiwa seti haipatikani. Mkereza vyuma akate na mifereji ya grisi ndani, na tundu la grisi lilingane na la stabu ekseli, vinginevyo bushi inakauka siku ya kwanza. Kingpini yenyewe isikerezwe kutoka kwenye shafti ya kawaida. Pini halisi ina ngozi ngumu ya juu na moyo unaovumilia pigo; chuma laini kitaliwa na bushi mpya kabla ya msimu kuisha.

Ukiagiza Kariakoo na mzigo uje kwa basi, usitume jina la gari tu. Tuma namba ya chesisi na picha ya kiungo cha zamani kikiwa kimelazwa pembeni ya futi. Eleza nyuzi ni za kulia au za kushoto, maana tairodi moja ina zote mbili, na ukiletewa mbili za kulia lori litalala gereji siku nyingine. Eleza kipenyo cha nyuzi, urefu kutoka katikati ya mpira wa chuma hadi mwisho, na unene wa koni juu na chini. Jina la Sankei 555 la Japani linaaminika kwa boljointi, na kwa sababu hiyo maboksi yake ya kufungashia huigwa. Usihukumu kwa boksi. Kitu chenyewe kiwe na maandishi yaliyochongwa safi, nyuzi zisizo na vinyweleo vya chuma, buti laini iliyobanwa vizuri na mpira unaosokota kwa ugumu wa usawa bila kushikashika.

Jaribu koni kabla ya kufunga. Paka wino wa kalamu ya alama kwenye koni mpya, iingize kavu kwenye tundu lake, isokote kidogo uitoe. Wino ukifutika sehemu kubwa ya koni, inakaa vizuri. Ukifutika mstari mwembamba juu au chini tu, koni hailingani au tundu limekula, na nati hata ikazwe vipi italegea.

Kubadilisha tairodi endi

Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, kazi ifanyike asubuhi. Mchanganyiko wa ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na dizeli hufanya kazi nzuri na ni rahisi kupata. Kabla ya kugusa chochote, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, pima kwa futi umbali kati ya katikati ya mpira wa kulia na wa kushoto, na uandike kwa chaki kwenye fremu. Weka alama ya rangi pale endi inapoingia kwenye bomba la tairodi.

Toa spiliti pini, legeza nati lakini iache imeshikilia nyuzi chache ili tairodi isikuangukie. Koni haitoki kwa kupiga nyuzi za chini kwa nyundo. Utaziharibu na bado haitatoka. Tumia pula, kile kifaa cha kuvutia kiungo kitoke. Kama huna pula, shikilia nyundo nzito upande mmoja wa jicho la amu na upige upande wa pili kwa nyundo nyingine, mapigo ya haraka na makali. Jicho linajipinda kidogo sana na koni inaruka yenyewe. Usitie moto wa gesi hapo.

Legeza klempu ya bomba, zungusha endi ya zamani huku ukihesabu mizunguko, na ingiza mpya kwa idadi hiyohiyo. Nyuzi zote zipakwe grisi. Endi lazima iingie kupita mwisho wa mpasuko wa bomba. Ikiishia kwenye mpasuko, klempu inabana hewa na siku moja nyuzi zitachomoka. Bolti ya klempu ielekee mahali ambapo haitagusa ekseli wala springi usukani ukikatwa mwisho, pande zote mbili.

Kaza nati ya koni. Usiporudi kwenye kitabu cha gari lako kwa kipimo cha nguvu, unakisia, na kukisia hapa si kuzuri. Spana ya toki ikikosekana, chukua bomba la mita moja na mizani ya kuning'iniza ya kupimia mazao: kilo 10 ukivuta mwishoni mwa bomba la mita moja ni karibu Nm 100 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia), kilo 20 ni karibu Nm 200. Mashimo ya spiliti pini yasipokutana, endelea kukaza mpaka yakutane. Usirudishe nati nyuma hata kidogo. Spiliti pini iwe mpya kila mara. Msumari au waya wa kufungia si mbadala wake.

Kupanga magurudumu kwa chaki na futi

Ukishagusa tairodi, umeshagusa mpangilio wa magurudumu. Mashine ikiwa karibu itumie, lakini kwa kazi hii ya mbele njia ya mkono inatoa jibu sahihi ukiwa na subira. Usianze kabla plei zote hazijaisha. Kupima kwenye viungo vilivyolegea ni kupoteza mchana.

Pandisha mbele, zungusha kila tairi huku ukishikilia chaki katikati ya uso wake, kisha zungusha tena ukishikilia msumari uliotulia juu ya kipande cha mbao ili uchore mstari mwembamba ndani ya chaki. Shusha lori, lisukume mbele mita tano au sita, liishie hapo bila kurudi nyuma. Pima umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa matairi, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, kisha upande wa nyuma kwa urefu uleule. Nyuma iwe kubwa kuliko mbele kwa milimita 1 hadi 3 kwa tairi za waya. Za nailoni huhitaji zaidi kidogo. Kitabu cha gari kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kurekebisha ni kuzungusha bomba la tairodi, na hapa watu huzidisha. Nyuzi zikiwa za milimita 1.5, mzunguko mmoja kamili hurefusha tairodi kwa milimita 3, kwa sababu ncha zote mbili zinasogea. Amu ni fupi na kipenyo cha tairi ni kikubwa, kwa hiyo milimita 3 hizo zinakuwa zaidi ya sentimita moja ukipima kwenye tairi. Zungusha robo au chini yake, sukuma lori, pima tena.

Usukani ukikaa upande wakati lori linakwenda moja kwa moja, usiung'oe ukauhamisha kwenye meno yake. Boksi lina kitovu chake, na pale ndipo linapokazana. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, gawa kwa mbili, simama hapo. Kisha rekebisha urefu wa draglinki mpaka magurudumu yatazame mbele.

Kingpini

Hii ni kazi nzito na ndiyo inayokula gharama ya ufundi. Seti kamili ya lori moja huwa na pini mbili, bushi nne, beringi mbili za kubeba uzito, shimu, pini za kufungia na vifuniko vyenye sili. Fungua pande zote mbili kwa pamoja hata kama upande mmoja tu ndio mbovu. Upande wa pili haujaachwa nyuma sana.

Toa kwanza pini ndogo ya kufungia, ile iliyokatwa mshazari inayopita kwenye ekseli. Mafundi wenye haraka huisahau na kuanza kupiga kingpini kwa nyundo ya kilo saba, na ekseli inaumia. Kingpini iliyoshika kutu iloweshwe usiku mzima, ipigwe kwa kipande cha brasi, au itolewe kwa jeki ya haidroli yenye fremu yake. Kuipasha ekseli kwa gesi mpaka iwe nyekundu ni kuharibu chuma kinachobeba mbele yote ya lori.

Ikitoka, jaribu pini mpya kwenye tundu la ekseli kabla ya kuendelea. Ikiingia kwa mkono na kutikisika, tundu limekula, na bushi mpya hazitasaidia. Tundu litahitaji kutanuliwa na kuwekewa pini ya saizi kubwa kwa mkereza vyuma mwenye mashine inayofaa. Bushi ziingizwe kwa kusukumwa sawasawa, tundu la grisi likiwa limelengwa, kisha zipitishwe rima (kifaa cha kusawazisha tundu) ndefu inayopita bushi ya juu na ya chini kwa mkupuo mmoja. Kusugua bushi kwa msasa au kikwanguo huzipinda zisitazamane, na usukani utakuwa mgumu daima. Pini iingie kwa kusukuma kwa kidole gumba, bila kutikisika.

Beringi ya kubeba uzito ina juu na chini. Sili yake au upande uliofunikwa hutazama juu ili vumbi na maji visiingie. Pima mwanya kwa fila geji (vibati vya kupimia mianya), ongeza shimu mpaka ukaribie ile sehemu ya kumi ya milimita, na hakikisha stabu ekseli inazunguka kwa mkono bila kukwama.

Springi zikifunguliwa kwa kazi hii, utakuta vipande vya chuma vya kabari kati ya springi na ekseli kwenye baadhi ya malori. Virudi vilivyokuwa. Vinalaza kingpini kidogo kwa nyuma, na ndivyo vinavyofanya usukani urudi wenyewe. Upande mnene ukigeuzwa kutazama mbele, lori litatangatanga na viungo vyote vipya.

Boksi na pawa

Sasa, kama plei bado ipo na umeiona ikiishia kati ya shafti inayoingia na pitmani inayotoka, boksi ndilo. Weka magurudumu katikati, draglinki ikiwa imefunguliwa, legeza nati ya kufungia, kaza skrubu kwa sehemu ya nane ya mzunguko, zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Ukihisi mkwamo katikati, rudisha. Skrubu ikihitaji zaidi ya nusu mzunguko, ndani kumekwisha na kukaza ni kuharakisha kifo chake. Pitmani itolewe kwa pula tu, baada ya kuweka alama kati yake na shafti. Nyundo pale hupiga beringi za ndani ya boksi.

Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi, mara nyingi ATF kwa malori ya Kijapani. Safisha chujio lililo ndani ya tangi. Kutoa hewa: mbele hewani, injini imezimwa, zungusha mwisho hadi mwisho mara kumi huku ukijaza, kisha washa urudie. Usiubane usukani mwishoni zaidi ya sekunde tano, pampu inachemka.

Baada ya kutoka gereji

Kaza tena yubolti na nati zote ulizogusa baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na tena karibu kilomita 500. Nati ya koni ikikubali kukazwa zaidi safari ya kwanza, ni kawaida. Ikikubali tena ya pili, fungua uangalie koni.

Kwa njia za vumbi, grisi kila kilomita 1,500 hadi 2,000, na kila baada ya kuvuka maji. Futa nipo (kichuchu cha kupitishia grisi) kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Boljointi pampu taratibu mpaka grisi mpya ionekane kidogo kwenye ukingo wa buti; pampu kwa nguvu na buti itapasuka. Kingpini pampu mara ya kwanza gurudumu likiwa chini, kisha lipandishe, kata usukani pande zote mbili na upampu tena ili grisi ifike kwenye beringi ya uzito. Grisi ikikataa kupita, toa nipo uizibue au uibadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu bushi iliyo nyuma ya nipo iliyoziba imeshaanza kukauka.